Nukta ya Rangi ya Kucha

Ijumaa, Khoudh. Adhana ya alfajiri imekwisha kitambo kidogo
na tayari ukuta wa uani unarudisha joto la jana.
Nimeizungusha Corolla mpaka msikitini na kurudi, mara mbili,
oili ipate moto, iwe nyepesi, ishuke na taka zake.
Ikipoa hung'ang'ania kama mgeni wa Idi.

Matofali nyuma ya magurudumu. Jeki. Stendi mbili.
Nalisukuma gari kwa nyonga kabla sijaingia chini:
chuma hakijui mama wa watu.
Hilal amelala. Kaniachia dishdasha lililochanika kwapani,
na dua.

Kulia kaza, kushoto legeza,
alinifunza mama kwenye kifuniko cha chupa ya mafuta ya nazi.
Lakini hapa nimelala chali, na kushoto ni kushoto kwa nani?
Nazungusha mkono hewani kama anayekoroga uji,
kisha spana namba kumi na nne,
kisha kwii,
na bolti inalegea.

Inashuka nyeusi tii, kamba, kisha uzi,
kisha tone
ndani ya beseni la kukandia maandazi, lililostaafu leo.

Chujio sasa. Limekaza kama mdomo wa shahidi.
Nalifunika kipande cha msasa, nalikumbatia kwa viganja,
naliita jina nisilolisema mbele ya watoto,
linakubali.
Nalitoa kwenye mwanga,
na pale ubavuni, nukta nyekundu.

Rangi ya kucha ya Ghanima.
Niliitia mwenyewe, mwaka juzi, Shaabani,
nilipolifunga kwa mkono wangu huu,
mchezo tu, kama tunavyotia alama sufuria
kabla hazijaazimwa shughulini.
Tangu hapo mgongo ukaniuma, na gari likawa linakwenda
gereji ya Mselem kule Maabela. Mara tatu.
Mara tatu risiti: oili, na chujio jipya, riali kumi na moja.
Mara tatu, "Wallahi dada, nimekutilia asili, la Kijapani."
Mselem, mtoto wa mama mdogo,
aliyenyonya kwa mama yangu wiki ile mamake alipougua.

Nalipasua kwa msumeno.
Karatasi zake zimegandana, tope tupu.
Na kitakoni kuna kilango, na springi yake ndogo:
chujio likijaa, kilango hufunguka,
oili ikapita hivyo hivyo na mchanga wake,
maana injini yenye oili chafu itafika kesho,
injini kavu haifiki hata Rusayl.

Nakaa juu ya tofali na nusu ya chujio mkononi.
Mchango wa arusi ya Zahran. Kiwanja cha bibi.
Mara ngapi tumesema yapite, ni ndugu, yapite,
na kitu kikawa kinasagika ndani yetu,
polepole, bila kelele.

Jipya nalipaka oili mpirani kwa kidole,
nalifunga kwa mkono, likigusa, robo tatu tena, basi.
Washa mpya. Lita nne.
Taa nyekundu inawaka, inafikiri, inazimika.
Nangoja. Kijiti: futa, chovya, toa.
Rangi ya shira, katikati ya alama mbili.

Ile chafu nimeitia kwenye madumu ya laban
nikaandika kwa herufi kubwa: SI LABAN.
Mwenye pipa la kuipokea, katika watu ninaowajua,
ni Mselem.

Baada ya sala anakuja kula.
Nimeweka nusu ya chujio kwenye sinia, kando ya haluwa,
nukta ikitazama mlango.
Nimeiondoa.
Nimeirudisha.
Hilal ameamka, anajikuna, anauliza
mbona haluwa inanuka oili.